Bustani ya Baba

Kila jioni, jua likielekea kuzama nyuma ya kilima cha chai, Achola alibeba sinia kutoka jikoni kwake, akavuka uwanja wa nyasi, akasimama kando ya baraza ya baba mkwe wake na kukohoa. Kikohozi hicho ndicho kilichokuwa hodi yake. Kisha aliiweka sinia juu ya kigoda kilichokaa karibu na nguzo ya baraza na kusema, kwa sauti ya chini:

"Chakula, Baba."

Alipomaliza kusema aligeuka na kurudi alikotoka. Hakungoja mlango ufunguliwe, maana haikuwa adabu kungoja.

Asubuhi aliikuta sinia pale pale. Sahani ya ugali ilikuwa imeoshwa na kufunikwa kifudifudi. Kijiko kilikuwa kimepanguswa kikang'aa. Ila bakuli la mboga lilirudi na kifuniko chake, na ndani yake sukuma wiki kama alivyoipakua, imepoa, mafuta yameganda juu kama ukungu. Hivyo ndivyo vyombo alivyorudishiwa siku baada ya siku, vyombo vya mgeni mwenye heshima anayekula kidogo ili asiwachoshe wenyeji. Achola angefurahi kuvikuta vichafu.

Aliwamwagia kuku ile mboga, akaingia ndani. Hakukuwa na mtu wa kumwambia.

Boma lile lilikuwa juu kidogo ya Ekerenyo, mahali ambapo barabara ya vumbi jekundu inapita katikati ya chai na migomba. Lilikuwa na nyumba mbili. Ya juu ni ya Mzee Ombui, mwenye chai. Ya chini ni ya mwanawe Joash, mume wa Achola. Nyuma ya nyumba ya mzee lilisimama jiko la zamani la mabati, halikupikiwa tena, na mbele ya nyumba hiyo lilikuwapo kaburi la Nyanchera, mama yake Joash, aliyefariki kabla Achola hajaolewa. Joash alipata kazi ya kuchimba visima kule Lodwar, akaondoka. Alimwomba mkewe akae nyumbani na mzee, asije akabaki peke yake.

"Lakini kuna jambo la kujua," Joash alimwambia siku ya kufunga mizigo. "Kwetu kuna chinsoni. Ni haya ya heshima kati ya mke wa mtoto na baba mkwe wake. Huingii nyumbani mwake, naye haingii mwako. Hamshikani mikono. Hamketi mkatazamana. Neno zito linapitia kwa mtu wa kati."

"Hata kwetu ziwani tuna mambo ya wakwe," Achola alisema. "Huyo mtu wa kati ni nani?"

Joash alifunga zipu ya begi polepole. "Alikuwa mama," akasema.

Achola alikuwa amesomea kilimo cha bustani chuo kikuu, akahitimu vizuri, na hakupata kazi. Hilo halikumvunja moyo. Aliamini kwamba mtu mwenye udongo, maji na mikono hawezi kusema hana kazi. Alikuwa na matumaini mengine pia, ambayo hakumwambia hata Joash. Achola ni jina ambalo Wajaluo humpa mtoto aliyezaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mtu yeyote "Baba". Alipokuwa mdogo alilisema neno hilo peke yake, chini ya mti wa ua, kusikia linavyotoka. Kwa hiyo alipoolewa na kuambiwa kuna mzee kule Nyamira, alilibeba neno lile kama zawadi anayompelekea mtu. Sasa alilisema kila jioni, mbele ya mlango uliofungwa, halafu akageuka kurudi.

Wanawake wa pale hawakuwa wabaya. Alipofika kisimani waliacha Ekegusii, wakamsalimu kwa Kiswahili, wakamuuliza Joash anaendeleaje. Akijibu, mazungumzo yaliishia hapo, kama moto wa majani makavu. Aliposhika njia na ndoo yake, alisikia Ekegusii kikianza tena nyuma yake, kicheko juu ya kicheko. Alijua hawamcheki yeye, na kujua huko hakukumsaidia sana.

Juma lake la kwanza, Achola aliliona shamba dogo nyuma ya jiko la zamani. Lilikuwa na mpaka wa mawe yaliyopangwa kwa uangalifu, na udongo wake ulikuwa mweusi, si mwekundu kama wa kwingine. Mtu alikuwa ameulisha majivu na samadi miaka mingi. Magugu yalikuwa yameanza kulifunika. Katikati yake bado palisimama mimea michache ya chinsaga, ile mboga chungu ambayo kwao Achola huitwa dek, mirefu, imechanua maua meupe na kubeba maganda membamba ya mbegu.

Mzee Ombui alikuwa akipita na kamba ya ng'ombe. Achola aliangalia pembeni, kama alivyofundishwa, akauliza:

"Baba, hii bustani ni ya nani? Ningependa kuisafisha."

Mzee alisimama. Naye aliangalia pembeni, kwenye migomba, kwa muda mrefu. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na cha mikutano ya chifu, kilichochanganyika na lugha ya nyumbani.

"Hiyo?" akasema. "Hiyo ni chinsaga chia baba."

Akaivuta kamba, akaenda zake.

Achola alielewa. Hiyo ni mboga ya baba. Chini ya migomba kulikuwa na kaburi jingine, la zamani, saruji yake imepasuka, na Joash alimwambia ni la babu yake, baba yake Ombui. Basi bustani hii ni ya yule marehemu, Achola alijisemea, ndiyo maana hakuna anayeigusa. Akaondoa mkono wake kwenye jiwe la mpaka.

Tangu siku hiyo aliizunguka. Alipokwenda kukata majani ya ng'ombe alipita mbali. Kuku walipoingia kuchakura aliwafukuza kwa upole. Bustani yake mwenyewe aliianza mbele ya nyumba yake, katika magunia, kama alivyojifunza chuoni. Alijaza udongo na samadi, akaweka nguzo ya kokoto katikati ya kila gunia ili maji yashuke mpaka chini, akatoboa matundu ubavuni na kupanda sukuma wiki, spinachi, vitunguu vya majani na dania. Magunia yalistawi. Majani yalikuwa mapana kama masikio ya ndama. Aliyapika kwa nyanya na vitunguu, akayapeleka kwenye kigoda, nayo yalirudi.

Mvua ndefu zilipokuwa zikielekea kwisha, koti la Mzee Ombui lilikuwa limeanza kumning'inia kama limetundikwa kwenye msumari. Achola alimwona kwa mbali akipumzika mara mbili kati ya zizi na nyumba. Alijaribu kumpigia Joash, lakini mtandao wa huko ulikuwa wa kubahatisha. Walipopatana, sauti ilikatikakatika.

"Hali chakula? Anakula nini?" Joash aliuliza.

"Ugali kidogo. Maziwa. Mboga haigusi."

"Muulize anataka—" Sauti ikapotea. Ikarudi. "—mtu wa kati, Achola. Tafuta mtu wa kati."

Kabla hajampata, Nyangate alipiga simu. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Joash, mfanyabiashara wa Nakuru, mwanamke asiyezunguka maneno.

"Watu wa kanisani wameniambia mzee amekwisha," alisema. "Jumapili nakuja kumchukua. Ng'ombe nitampa jirani. Chai itakodishwa."

"Na nyumba?"

"Nyumba itafungwa. Wewe uko huru, rudi kwenu mpaka mumeo aje. Sikulaumu, Achola. Lakini uniambie, umesomea chakula miaka mingapi, na mtu mmoja tu amekushinda kulisha?"

Achola alikaa kwenye ngazi ya mlango wake na simu mkononi, akiitazama nyumba ya juu. Moshi ulikuwa ukitoka pale kwa unyonge. Mzee akienda, hakuna atakayekaa karibu na kaburi la mkewe, na hakuna atakayekohoa jioni kwenye baraza ile. Neno lake halitakuwa na mlango wa kulipokea.

Siku mbili baadaye alikuja Mokeira, jirani wa ng'ambo ya kijito, mwanamke mwenye sauti kubwa na viatu vya mvua, ambaye kila mtu alimwita Mama Jasper.

"Mwalimu!" aliita kutoka langoni. "Kesho ni siku ya akina mama wa kanisa. Tumechoka kushona vitambaa. Njoo utufundishe hiyo kazi yako ya magunia."

"Mimi si mwalimu, Mama Jasper."

"Wewe njoo tu. Ukikosea tutakucheka, ukipatia tutakupa chai."

Alikwenda. Walikutana nyuma ya kanisa la Waadventista, kwenye viti vya plastiki chini ya kivuli cha paa. Achola alikuwa ameandaa maneno mengi mazuri, lakini alipoziona zile nyuso aliyaacha.

"Kazi niliyosomea ina jina refu la Kiingereza," alianza. "Lisahauni. Kwa Kiswahili ni kilimo cha bustani. Mahindi unayapanda, unapalilia, unaenda zako. Chai ina kampuni yake. Bustani ni ile inayotaka kukuona kila siku. Mboga, matunda, viungo, maua, miche ya kuuza. Mkiniuliza ina kazi gani katika maisha ya mtu, nitawauliza: asubuhi mtoto alipokohoa, ulichuma nini?"

"Limau!" akasema mmoja.

"Na maharagwe yalipokosa ladha?"

"Dania!"

"Na harusi ya Jumapili iliyopita, kanisa lilipambwa na nini? Na jeneza tulilozika mwezi uliopita, juu yake tuliweka nini?"

"Maua," walisema, wengine kwa sauti ya chini.

"Basi. Mtu anazaliwa, anakula, anaugua, anaoa, anazikwa, na kila mahali bustani iko. Hatuioni kwa sababu iko karibu sana na mlango."

"Kumbe mimi ni profesa tangu nizaliwe," alisema Mokeira, na wote wakacheka. "Lakini nyinyi watu wa ziwa mna jambo moja mtatueleza. Mnaimwagia chinsaga maziwa mpaka inasahau jina lake!"

"Uchungu wenu unatuogopesha, Mama Jasper."

"Uchungu ndio mboga! Ukiutoa umebaki na majani."

Achola alicheka, na aliposikia kicheko chake mwenyewe alishtuka kidogo; kilikuwa kimekaa ndani muda mrefu. Aliendelea kwa ujasiri zaidi. "Sasa nataka kusikia kutoka kwenu. Mboga za hapa, nani aliwafundisha kuzipanda? Semeni kwa lugha yoyote. Hata Ekegusii, nitajitahidi kufuata."

Bibi mmoja aliyekaa mwisho wa safu alizungumza kwa Ekegusii, taratibu, akionyesha kwa vidole jinsi mbegu inavyonyunyizwa. Achola aliambulia maneno mawili tu, chinsaga na baba. Mwingine akadakia, na ndani ya maneno yake lilikuwamo baba. Wa tatu alisema kwa furaha huku akijipiga kifuani: baba, baba. Achola aliguswa sana.

"Akina mama," alisema, "mimi nawaonea wivu. Kote nilikopita, mboga ni kazi ya mwanamke. Mwanamume hata hajui sukuma inachumwa upande gani. Lakini hapa kila mmoja wenu alifundishwa na baba yake! Wanaume wa Gusii ni wanaume wa ajabu."

Mwanamke mmoja alimtazama mwenzake. Halafu Mokeira akainama, akashika magoti yake, na kicheko kilichomtoka kilifanya ndege waruke kutoka kwenye mti wa parachichi. Safu nzima ikafuata. Yule bibi wa mwisho, alipotafsiriwa, alivua kitambaa cha kichwa akakitumia kufuta machozi.

"Wanaume wa ajabu!" Mokeira alikuwa akihema. "Mwalimu, utatuua! Baba ni mama!"

"Sijakuelewa."

"Ekegusii. Sisi mama tunamwita baba. Mtoto akilia usiku, 'Baba!', anamlilia mama. Huyu wa suruali ana jina lake. Yeye ni tata. Wewe umeolewa huku, Joash hakukwambia?"

"Joash na mimi tunaongea Kiswahili," alisema Achola. "Kwa Kiswahili anasema mama."

Wao walikuwa bado wakicheka, lakini yeye alikuwa ameanza kusikia jambo jingine. Alisikia kamba ya ng'ombe ikiburuzwa. Alimwona mzee akiangalia pembeni, muda mrefu kuliko mtu anayekumbuka tu kaburi la zamani. Chinsaga chia baba.

Mokeira alimsindikiza mpaka kijitoni. Njiani Achola alimsimulia yote.

"Ile ilikuwa bustani ya Nyanchera," alisema Mokeira. "Hata Mzee alimwita Baba, kama watoto walivyomwita. Nyumba nyingi ziko hivyo. Alikuwa akila chinsaga ya mkono wake tu. Nimemsikia akimwambia mume wangu, 'Mke wa mtoto wangu anaipita bustani ya mwenzangu kama anapita karibu na shimo.'"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mambo ya boma la mtu, mama. Na yeye, atakwambiaje? Baba mkwe hawezi kumwagiza mke wa mtoto wake ampikie mboga hii au ile. Ni aibu. Afadhali njaa."

Achola hakuingia nyumbani kwake. Alitua mkoba wake kwenye nyasi, akachukua jembe, akaenda moja kwa moja nyuma ya jiko la zamani, akavuka mawe ya mpaka.

Alianza na magugu. Aliyang'oa kwa mkono palipokuwa karibu na ile mimea michache iliyosalia, na kwa jembe palipobaki. Udongo ulikuwa laini; uliachia mizizi bila ugomvi. Maganda mengi yalikuwa yameshapasuka na kumwaga mbegu zake nyeusi. Achola alijua tabia ya mbegu hizo. Chinsaga ikianguka leo haioti kesho. Hulala kwanza, miezi kadhaa, hata ukiimwagilia haisikii. Aliyeangusha hizi za mwanzo hakuwa tena duniani, lakini zilikuwa zimelala vya kutosha. Alizigeuza taratibu, akazifunika kidogo tu, kama mtoto anayefunikwa shuka mchana.

Alisikia jembe jingine.

Hakugeuka. Mzee Ombui alikuwa ameingia kutoka upande wa migomba, akampa mgongo, na kuanza kulima kuelekea kule. Achola naye aliendelea kuelekea huku. Walilima hivyo, mgongo kwa mgongo, umbali wa heshima kati yao. Jembe la mzee lilipiga polepole, likapumzika, likapiga tena.

"Hapo mbele yako kuna jiwe la bapa," mzee alisema. "Alikuwa akilikalia. Usiling'oe."

"Sitaling'oa."

Majembe yakaendelea.

"Nilidhani ni bustani ya baba yako," Achola alisema. "Mzee wa kaburi la migomba. Nilifikiri ni mwiko."

Nyuma yake kulikuwa na sauti ambayo alidhani ni kikohozi. Mzee alikuwa akicheka.

"Baba yangu mimi? Yule hakujua kama chinsaga inatoka ardhini au inatoka Keroka na lori."

Alicheka mpaka akaegemea jembe. Halafu sauti yake ikabadilika.

"Na mimi nikadhani umeidharau. Nikasema, huyu ni msomi, amekuja na mbegu zake za pakiti. Ataona nini kwa mboga ya mama mzee."

"Sikujua."

"Na mimi sikusema."

Upepo ulipita kwenye majani ya migomba. Achola alipodhani mazungumzo yamekwisha, mzee alianza tena, kwa shida, kama mtu anayetoa mwiba mguuni mwake mwenyewe.

"Kuna jambo jingine. Ile sauti yako ya jioni. 'Chakula, Baba.' Kiswahili nakijua, najua unaniita mimi. Lakini sikio halijui. Watoto wangu wote waliita hivyo kwenye mlango ule. Baba, nimerudi. Baba, nina njaa. Ukiita, natazama kiti chake kama atainuka. Nikishatazama, chakula hakishuki."

Achola aliikaza mikono kwenye mpini. "Niache kuita?"

"Sikusema uache." Jembe lilipiga mara moja. "Mwanamume tunamwita Tata."

Akaendelea kulima kuelekea migomba.

Jioni hiyo Achola alikohoa na kuweka sinia bila kusema neno. Jumamosi, siku ya Sabato, alifanya vivyo hivyo. Alikuwa amejaribu neno lile jipya jikoni, mbele ya sufuria. Halikuwa gumu kutamka. Lakini lile jingine alikuwa ameliweka tangu utotoni, na sasa mtu aliyemletea hakuweza kulisikia bila kuumia. Haikuwa rahisi kuliweka chini. Alikaa mlangoni akiutazama uwanja ukiingia giza, na kwa mara ya kwanza alilia kwa ajili ya baba yake mwenyewe, yule aliyelala kando ya ziwa, ambaye hakumjua hata sauti.

Jumapili Nyangate alifika kwa gari dogo alilolikodi Keroka. Alisimama kwanza kwenye kaburi la mama yake, akafuta macho, kisha akaingia nyumbani na kuanza kufunga nguo za mzee. Sauti yake ilisikika mpaka nyumba ya chini.

"Hata hili koti utaliacha, Tata, linatosha watu wawili! Leo tunaenda. Siwezi kukuacha ufe na njaa kwenye boma lenye mtaalamu wa mboga!"

Achola alikuwa jikoni. Asubuhi alikwenda kwenye ile mimea michache, akaacha maganda ya mbegu yote mahali pake, akachuma majani ya machipukizi ya pembeni tu. Hayakujaza hata kiganja mara mbili. Yalichemka kwenye sufuria ndogo, na harufu yao chungu ilijaa jikoni. Alishika kibuyu cha maziwa, kama mkono wake ulivyozoea. Akakitazama. Akakirudisha mahali pake, akatia chumvi.

Alipotoka na sinia, mzee alikuwa amesimama uwanjani, kofia kichwani, fimbo mkononi. Dereva alikuwa ameshawasha gari. Nyangate alibeba begi. Mzee Ombui hakuwa mtu wa kubishana na binti zake. Alisimama tu akitazama upande wa jiko la zamani, ambako udongo mweusi ulikuwa umegeuzwa na haujaota kitu.

Achola alivuka uwanja. Alipita karibu na gari, akafika kwenye baraza, akaweka sinia juu ya kigoda. Akakohoa. Hakukuwa na mlango wa kuuambia safari hii. Mzee alikuwa pale pale, na Achola aliangalia pembeni, kwenye nguzo.

"Tata," akasema. Sauti ilimkatika, akaianza upya. "Tata, chakula."

Nyangate aligeuka. Mzee alibaki amesimama kidogo, kisha akavua kofia.

"Weka begi chini," alimwambia binti yake. "Nimeitwa kula."

"Tata, gari linangoja."

"Gari halina njaa."

Alipanda baraza, akaketi na kufunua bakuli. Nyangate alikuwa amekuja kumharakisha, lakini harufu ilimfikia kabla hajasema. Alisimama mguu mmoja juu ya ngazi.

"Hiyo ni chinsaga?"

"Ya baba," alisema mzee, akimega ugali.

Nyangate alitazama jiko la zamani, akatazama udongo uliolimwa, akamtazama Achola ambaye alikuwa ameanza kurudi kwake. Aliketi kwenye sakafu karibu na baba yake, akanyoosha mkono ndani ya bakuli bila kuuliza. Alitafuna, akakunja uso.

"Chungu kama alivyokuwa akiipika," akasema, akanyoosha mkono tena.

Dereva alizima gari. Alipoliwasha tena, jua lilikuwa limeinama, na Nyangate aliondoka na begi tupu. Alisimama kwanza mbele ya mlango wa Achola.

"Hizo mbegu zitaota lini?"

"Mvua ikinyesha, juma hili au lijalo. Zilikuwa zimelala tu."

"Nitakuja wakati wa kuchuma. Nikimkuta amekonda, nambeba mgongoni, umesikia?" Alianza kwenda, akarudi. "Na uache kumwita mzee wetu mama. Mama Jasper ameshanisimulia. Nakuru nzima watajua."

Mvua ilianza alipofika barabarani. Achola aliisikiliza kwenye mabati, peke yake kama siku zote, nyumba ya juu ikiwa na taa yake na ya chini ikiwa na yake, uwanja mweusi katikati.

Asubuhi alikwenda kuchukua sinia. Sahani ilikuwa na makombo ya ugali yaliyokauka. Kijiko kilikuwa kimedondoka chini ya kigoda. Bakuli lilikuwa tupu, na ndani yake kulikuwa na mchirizi wa rojo la kijani, mahali ambapo mtu alipitisha tonge la mwisho. Hakuna kilichooshwa.

Achola aliviokota vyombo vichafu, akavibeba kwa mikono miwili mpaka nyumbani kwake, akachota maji.